Walishe wazazi kabla hawajazaa: protini na uzazi wa samaki wa mabwawani, Kasulu na Kibondo

Wafugaji wa samaki wa Kasulu na Kibondo huuliza swali moja kwa sura mbili. Wa kwanza anasema: sato wangu wanazaa kwa kusuasua, vifaranga ni wachache na wengi wanakufa, niwape nini? Wa pili anasema: sato wangu wanazaa kupita kiasi, bwawa limejaa visamaki vya ukubwa wa kidole, niwapunguzie chakula? Maswali yote mawili yanahusu protini, lakini kila moja lina jibu lake. Shida ni kwamba mara nyingi mtu huchukua jibu la mwenzake na kwenda nalo bwawani.

Makala haya ni kwa wote wawili: kwa yule mwenye bwawa moja bondeni Makere au Heru Juu, na kwa yule wa Mabamba au Kifura anayetaka kuuza vifaranga kwa majirani.

## Jibu kwa ufupi

- Ukitaka vifaranga, watenge samaki wazazi na uwalishe chakula chenye protini ya asilimia 30 hadi 35 kabla hawajakutanishwa. Kuwalisha vizuri baada ya kutaga ni kuchelewa.
- Ukitaka samaki wa kula na kuuza, usijaribu kuzuia uzazi kwa njaa. Sato mwenye njaa hudumaa, na huzaa vilevile.
- Protini haifanyi kazi peke yake. Maji ya baridi, wazazi waliochoka na chakula chenye ukungu vitaila faida yote.

## Kwa nini chakula kitangulie

Jike la sato hutaga, dume huyarutubisha mayai, kisha jike huyakusanya mdomoni. Katika maji ya nyuzi 28 mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5, na mama huendelea kuwahifadhi watoto mdomoni hadi kuingia wiki ya pili. Muda wote huo hali, au hula kidogo sana. Jike anayeingia katika kazi hiyo bila akiba mwilini ni kama mtu anayefunga Ramadhani bila kula daku: atamaliza siku, lakini kesho yake hana nguvu.

Kiini cha yai, ambacho ndicho chakula cha kwanza cha mtoto, hutengenezwa wiki kadhaa kabla ya kutaga, na sehemu yake kubwa ni protini na mafuta. Mama aliyekosa protini hutoa mayai machache, au hukaa muda mrefu kati ya uzao mmoja na mwingine, na watoto wake huanza maisha wakiwa dhaifu.

Je, kiwango kiwe kipi hasa? Watafiti hawajakubaliana kwenye namba moja. Mwaka 2003 Abdel-Fattah El-Sayed na wenzake wa Misri walichapisha matokeo ya kuwalisha sato wazazi chakula chenye protini ya asilimia 25, 30, 35 na 40, na waliokula 40 ndio waliotaga vizuri zaidi. Wengine wameridhika na 30. Kwa mfugaji anayejichanganyia chakula nyumbani, 35 ni lengo linalofikika, na 30 ndiyo mpaka wa chini usiopaswa kuuvuka.

## Hatua kwa hatua: kuandaa wazazi

1. Chagua wazazi. Chukua samaki wa gramu 150 hadi 300, wenye afya, waliokua haraka kuliko wenzao wa rika moja. Usichague wale wadogo waliobaki baada ya wakubwa kuuzwa; hao ndio walioshindwa kukua, nawe utakuwa unazalisha udumavu. Mgeuze samaki uangalie tumboni karibu na mkia: jike ana matundu matatu, dume ana mawili.

2. Watenganishe. Majike kwao, madume kwao, kwa wiki mbili hadi tatu. Kama una bwawa moja tu, tumia vizimba vya chandarua, vile vinavyojulikana kwa jina la “hapa”, vilivyofungwa kwenye miti ndani ya bwawa hilohilo.

3. Walishe. Toa chakula cha asilimia 2 ya uzito wao kwa siku, mara mbili: saa nne asubuhi na saa kumi jioni, maji yakiwa yamepata joto. Wakiacha mabaki baada ya robo saa, punguza.

4. Wakutanishe. Majike 3 kwa dume 1. Sasa punguza chakula hadi asilimia 1 au moja na nusu, kwa sababu majike yenye mayai hayali, na kinachobaki kitaozea majini.

5. Vuna vifaranga. Kwenye kizimba, anza kukagua kuanzia siku ya 10 hadi ya 14. Vifaranga huogelea kwa makundi karibu na uso wa maji pembeni. Wachote kwa wavu laini asubuhi, kabla ya jua kali.

6. Wape mapumziko. Rudisha majike kwao kwa wiki mbili na uwalishe tena chakula kizuri. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotofautisha uzao mmoja mzuri na msimu mzima mzuri.

7. Badilisha wazazi baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Tafuta madume kutoka bwawa lisilo na undugu na lako.

Tahadhari: ukitaka kujua kama jike lina mayai, angalia kidevu chake kilichovimba na namna linavyokaa mbali na chakula. Ukilazimika kulikagua, lishike kwa mkono uliolowa, kichwa kikiwa juu ya beseni la maji ya bwawa, ufungue taya la chini taratibu. Yai zuri lina rangi ya njano iliyokolea, na mayai yote yanalingana ukubwa. Lililogeuka jeupe limekufa. Kagua moja au mawili tu: mayai yakishamwagika hayarudi mdomoni, na bila chombo cha kutotoleshea umeyapoteza.

## Kujichanganyia chakula

Hesabu hii inatumia vitu vinavyopatikana masoko ya Kasulu na Kibondo. Nimechukulia kwamba dagaa wakavu safi wana protini ya asilimia 55, soya iliyokaangwa 38 na pumba za mahindi 10. Kwa kilo 10 za chakula:

- Wazazi, protini 35: dagaa kilo 2.5, soya kilo 5, pumba kilo 2.5.
- Wazazi, bajeti ndogo, protini 30: dagaa kilo 2, soya kilo 4, pumba kilo 4.
- Samaki wa kukuza, protini 25: dagaa kilo 1.5, soya kilo 3, pumba kilo 5.5.

Ili kuhakiki mchanganyiko wako mwenyewe, zidisha kilo za kila kitu kwa asilimia yake ya protini, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya kilo. Kwa mchanganyiko wa pili: 2 mara 55 ni 110, 4 mara 38 ni 152, 4 mara 10 ni 40. Jumla 302; gawanya kwa 10, unapata 30.2.

Namna ya kutengeneza:

1. Kaanga soya hadi ibadilike rangi na harufu ya ubichi iishe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la samaki kusaga protini.
2. Saga kila kitu kiwe laini, kisha changanya vikiwa vikavu.
3. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, kama robo kilo ya unga, ukandie nao ili chakula kishikane.
4. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, au finyanga kwa mkono.
5. Kausha kivulini penye upepo. Jua kali huharibu vitamini.
6. Hifadhi pakavu, juu ya mbao, na kiishe ndani ya mwezi mmoja hadi miwili.

Ukipata mchanganyiko wa vitamini wa samaki kwenye duka la pembejeo, ongeza kama kifungashio kinavyoelekeza. Vitamini C na E zina kazi yake katika ubora wa mayai, na dagaa na soya pekee havitoshelezi.

## Malighafi za kwetu: zipi uzitumie, zipi uzihofie

- Dagaa wa Kigoma. Ni bora, ila wengi wanaouzwa kama dagaa wa mifugo wamejaa mchanga. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri. Mchanga ukitanda chini, hiyo asilimia 55 huna. Nunua chenga safi za dagaa wa kuliwa. Wazima waache kwa ajili ya watoto wa nyumbani.
- Maharage. Wilaya hizi zinalima maharage mengi, na yaliyovunjika hupatikana kwa bei nafuu. Yana protini kama 22. Yachemshe hadi yaive, yakaushe, ndipo uyasage. Mabichi ni hatari.
- Mashudu ya alizeti. Yanafaa kuchukua sehemu ya soya, ila kumbuka yana maganda mengi na protini yake ni pungufu ya soya.
- Mashudu ya mise. Yapo kwa sababu ya michikichi yetu, lakini protini yake ni kama 14 hadi 18 tu na nyuzinyuzi ni nyingi. Yahesabu pamoja na pumba.
- Damu kavu ya machinjioni. Protini inapita 80, lakini haina uwiano mzuri. Isizidi nusu kilo katika kilo 10.
- Kisamvu kikavu. Kianikwe hadi kikauke kabisa ili sumu ipungue, na kiwe kidogo.
- Mashudu ya pamba. Usiwape wazazi. Yana gosipoli, inayodhuru uzazi.
- Chochote chenye ukungu. Tupa. Sumukuvu kwenye pumba za mahindi na mashudu ya karanga haiondoki kwa kuanika upya wala kwa kupika.

Panga pia tarehe zako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo inaishia palepale unapoanza kuwaandaa wazazi. Kwa hiyo nunua dagaa wa kutosha mwezi wa Aprili, wakiwa wamekauka vizuri, na uwahifadhi bila kuwasaga. Kusaga kunaharakisha kuharibika.

## Baridi ya milimani

Kasulu na Kibondo si ufukweni mwa ziwa. Sato hutaga vizuri maji yakiwa nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 22 uzazi hupungua sana au husimama. Mabwawa yetu mengi hulishwa na chemchemi za bondeni, na usiku wa Juni na Julai maji hayo hupoa sana. Protini haiwezi kushinda baridi. Samaki aliyepoa hali, na chakula chenye protini nyingi kikioza hutoa amonia inayoua.

Ratiba inayofaa huku juu ni hii:

- Juni na Julai: wapumzishe wazazi. Lisha kidogo, mchana tu.
- Agosti: watenganishe, anza chakula cha asilimia 35.
- Septemba hadi Aprili: zalisha, uzao kwa uzao, na mapumziko katikati.
- Mei: vuna vifaranga wa mwisho, chagua wazazi wapya.

Ili kupunguza baridi, acha maji yasipite bwawani muda wote; ongeza yale tu yaliyopotea. Kata miti inayotia kivuli. Uwe na kipimajoto, ukitumbukize asubuhi na jioni, uandike.

Usisahau rangi ya maji. Maji ya kijani yana vijimea na vidudu ambavyo ni protini ya bure. Ingiza mkono wima hadi kwenye kiwiko: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwikoni, mbolea imetosha. Kikipotea mapema zaidi, acha kuweka samadi. Kikionekana bado, ongeza. Samadi isiposhika rangi, huenda udongo una tindikali. Mwombe afisa ugani akupimie, uweke chokaa ya kilimo.

## Kama shida yako ni samaki kuzaa mno

Hapa ndipo ushauri wa kupunguza chakula unapoharibu mambo. Sato aliyebanwa na njaa huwahi kupevuka akiwa na gramu 20 au 30, pengine akiwa na miezi mitatu, akaanza kuzaa. Watoto wake wanagombania chakula hichohicho, wote wanadumaa. Kwenye maji yetu ya baridi, ambako samaki hukua polepole, uzazi huwahi kufika kabla ya uzito wa sokoni.

Fanya hivi badala yake:

1. Panda vifaranga madume watupu kutoka kituo kinachotambulika, au watenge kwa mkono wakifika gramu 30 hadi 50.
2. Wape chakula cha asilimia 25, cha kutosha, kila siku.
3. Sato wakishakua, ongeza kambale wachache walio wadogo kuliko wao. Watakula vifaranga bila kuwala wakubwa.
4. Vuna bwawa lote kwa wakati, likaushe, uanze upya. Kuvua wakubwa tu na kuacha wadogo ni kurudi kule kule.

Na katika yote hayo, funga wavu laini kwenye bomba la kutolea maji. Maji yetu huishia Malagarasi, mto wenye perege wake wa asili, Oreochromis malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000. Sato wa bwawani wakitoroka, huchanganyika na perege wa mto, na asili ile ikipotea hairudi.

## Kambale ni habari nyingine

Kambale hazai ovyo bwawani kama sato. Hubeba mayai, lakini kwa kawaida huhitaji kuchomwa homoni ili atage. Mayai yake mamia kadhaa huingia katika gramu moja. Protini ya wazazi wake iwe 35 hadi 40, waanze kulishwa miezi miwili au mitatu kabla. Usiwanenepeshe: jike lenye mafuta mengi tumboni hutoa mayai kidogo. Kazi ya sindano usiijaribu kwa kusimuliwa. Tafuta mafunzo kwa afisa uvuvi wa halmashauri, au Kigoma mjini, ambako TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, na FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, wana vituo.

## Maswali yanayorudi

“Protini ni ghali, nitaiweza?” Piga hesabu ya wazazi peke yao. Majike 30 ya gramu 200 na madume 10 ya gramu 250 wana uzito wa kilo 8.5. Asilimia 2 ni gramu 170 kwa siku. Kilo 10 za chakula kizuri zinawatosha karibu miezi miwili. Kinachomaliza fedha ni kulisha bwawa zima chakula cha wazazi, jambo ambalo halihitajiki.

“Mbona samaki wangu wanazaa wakila pumba tu?” Wanazaa, ndiyo. Hesabu wanaofika mwezi mmoja wakiwa hai, na ukubwa wao. Hapo ndipo tofauti inapoonekana.

“Nikipandisha hadi 50, si bora zaidi?” Hapana. Inayozidi mwili huichoma kama nguvu, au huitoa kama amonia. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, simamisha chakula siku hiyo na ongeza maji mapya.

“Chakula cha kuku wa mayai kinafaa?” Kina protini kama 16 au 17, na chokaa nyingi iliyowekwa kwa ajili ya ganda la yai la kuku. Kwa samaki wazazi hakifai.

“Na vifaranga wapewe nini?” Unga laini kabisa wenye protini ya 40 au zaidi, kidogo kidogo, mara nne hadi sita kwa siku, kwa mwezi wa kwanza. Mama aliyelishwa vizuri huwapa mwanzo mzuri, lakini kiini cha yai huisha ndani ya siku chache.

## Makosa ya kawaida

- Kuongeza protini siku wazazi wanapokutanishwa, badala ya wiki mbili au tatu kabla.
- Kulisha kwa kukisia. Pima uzito wa samaki wachache kila mwezi, hata kwa mizani ya dukani.
- Kuamini mfuko. Soma mahali palipoandikwa protini ghafi na tarehe ya kutengenezwa.
- Kuzalisha bila mapumziko hadi majike yakonde.
- Kutoandika. Bila daftari hutajua kama ni chakula, baridi au umri wa wazazi.

## Anza hivi

Usibadilishe kila kitu kwa mara moja. Gawa majike yako makundi mawili yanayolingana umri na ukubwa, katika vizimba viwili ndani ya bwawa moja. Kizimba kimoja kipe chakula chako cha siku zote, kingine kipe mchanganyiko wa asilimia 35. Weka uwiano uleule wa madume, vuna siku ileile, na hesabu vifaranga wa kila upande kwa mizunguko mitatu ya uzao. Andika pia gharama ya chakula, ugawanye kwa idadi ya vifaranga waliofika mwezi mmoja.

Namba hizo za bwawani kwako ndizo zitakazokuambia kama shilingi uliyoitia kwenye dagaa na soya imerudi. Na jirani akija kukuuliza sato wake wana nini, mwoneshe daftari kabla hujampa ushauri wowote.